Klipu za askari wa keya kule Burma: nizitumie au niziache?

"Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa keya, yani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma (Myanmar ya leo) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1995 baba mdogo alimrekodi kwenye kaseti ya kawaida ya redio, anasimulia mwenyewe. Sasa mimi nimejifunza kuediti video na nataka kutengeneza filamu fupi ya ukoo, ikiwezekana niiweke YouTube. Mtandaoni nimekuta klipu za Waingereza za askari weusi huko Burma, ila zote wanacheka, wanafua, wanabeba maboksi, wanavuka mto, hakuna hata moja wanapigana, na hazina sauti. Rafiki yangu anasema hizo ni picha za kibaguzi nisiziguse. Mwingine anasema video haidanganyi, weka tu sauti ya babu juu yake. Halafu kuna sehemu kwenye kaseti babu analia, anamtaja rafiki yake aliyefia kule, baba anasema nikate, nisimdhalilishe mzee. Nifanyeje?"

Marahaba, mjukuu wa keya. Swali lako nimelipenda, maana miaka yote hii ninachofundisha na kuandika ni hicho hicho, jinsi watu weusi wanavyochukuliwa kwenye filamu na hasa filamu za maveterani wa vita, na wewe umekileta chote kwenye meseji moja. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa hiyo tafuta chai kabisa.

Nikikusoma vizuri unaogopa vitu viwili kwa pamoja, unaogopa kusambaza dharau ya mkoloni bila kujua, na unaogopa kumvua babu yako nguo mbele za watu. Hofu zote mbili ni halali. Ila marafiki zako wamekupeleka kasi mno, mmoja kakwambia tupa, mwingine kakwambia bandika, na wala hakuna aliyekwambia kaa uiangalie.

Tuanze na huyo wa kwanza. Anayesema ni ubaguzi kwa sababu hawaonekani wakipigana, hapo kachemka. Klipu nyingi za namna hiyo zilipigwa na wapiga picha wa jeshi lenyewe la Uingereza, walikuwa na kitengo chao cha filamu na picha, na kamera zao nyingi zilikuwa za kukaza springi kwa mkono, mkanda wa futi 100 unaisha kwa dakika moja na sekunde chache. Fikiria sasa mazingira. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndo ilikuwa na batalioni za keya kutoka kwetu, ilishuka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za monsuni mwaka 1944, malori yanazama kwenye tope, chakula na risasi vinadondoshwa kwa ndege, na Mjapani yuko ndani ya handaki lililofunikwa magogo humuoni mpaka akufyatulie. Chini ya miti mikubwa mwanga wenyewe hautoshi kwa filamu za enzi hizo. Mpiga picha ana dakika moja ya mkanda, atafanya nini? Atapiga kinachoonekana, yani mto, daraja, nyumbu wa mizigo, watu wanaofua. Mwezi Desemba 1944 pale Kalewa walivuka mto Chindwin na mainjinia wakajenga daraja la vyuma la zaidi ya futi 1,100, sasa kitu kama hicho unakipiga mchana kweupe, kimetulia, hakikukimbii. Nenda kaangalie klipu za wanajeshi wa Kizungu wa mstari huo huo wa vita, utawakuta nao wananyoa ndevu na kunywa chai. Kwa hiyo kukosekana kwa mapigano peke yake hakuthibitishi kitu.

Lakini hiyo haimaanishi ubaguzi haupo, upo, ila umekaa mahali pengine na ndo maana watu wanaukosa. Chukua klipu moja, usichukue kumi, iangalie bila kufanya kitu kingine na ujiulize kamera inasimama kwa nani. Utakuta ofisa wa Kizungu na ramani yake, kamera ipo usawa wa macho, inamngoja amalize kuonyesha kidole. Halafu inapita safu ya askari weusi, wanapita wanapita, kamera haimsubiri yeyote, au inamsogelea mmoja kwa sababu ana chale usoni au meno yaliyochongwa, yani anaangaliwa kama kitu cha ajabu. Kisha nenda kwenye maelezo ya maandishi. Wale wapiga picha walikuwa wanajaza karatasi kwa kila mkanda, tarehe, mahali, nini kinaonekana kwenye kila shoti, na karatasi hizo nyingi zipo mpaka leo pale makumbusho ya vita ya Imperial War Museums, London. Mara nyingi ofisa ana jina na cheo, na mwafrika ni "askari wa Afrika Mashariki" basi. Hapo ndo pa kukasirikia, kwenye jina. Na kwenye sauti pia, maana hata klipu ilipokuja kuwekewa maneno studio, anayeongea hakuwa babu yako.

Na usidhani ni mambo ya sinema tu. Ukipita Dar pale kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927 kwa ajili ya waliokufa vita ya kwanza, askari yupo na bunduki yake kasimama vizuri kabisa, tafuta jina la mtu hata mmoja pale chini uniambie. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wa vita ile ya kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na sehemu kubwa ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Mtindo ni ule ule, mtu anaonekana ila hana jina.

Kuna na sababu nyingine ya picha zile kuwa vile, nayo naitaja kwa kifupi tu. Kabla ya vita, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na jaribio la kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika, kituo chake kilikuwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Tanganyika. Baadaye 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo cha filamu cha makoloni chini ya William Sellers, na huyu bwana alikuwa anaamini kabisa kwamba mwafrika hawezi kufuata filamu inayokatwa haraka, eti kila kitu kiende polepole na shoti iwe rahisi. Mtu anayeingia kazini na imani hiyo, mwafrika kwenye kamera yake atakuwa mwanafunzi siku zote, hata akiwa sajini.

Sasa rafiki wa pili, wa "video haidanganyi". Huyu nampeleka Marekani kidogo maana kule kuna mfano safi kuliko wote ninaoujua. Mwaka 1944 jeshi la Marekani lilitoa filamu inaitwa The Negro Soldier, kama dakika 40 hivi, kazi ya kitengo cha Frank Capra, mtengeneza filamu wa Hollywood, mwongozaji Stuart Heisler, na aliyeandika ni mtu mweusi, Carlton Moss, ambaye ndani ya filamu ndo anacheza mchungaji. Itafute uione, ni mali ya umma. Inaanzia kanisani, mchungaji anaacha mahubiri aliyoyaandaa anaanza kuongelea wanajeshi weusi, tangu Crispus Attucks, mtu mweusi aliyeuawa na askari wa Kiingereza Boston 1770, anakuja mpaka bondia Joe Louis anamtandika Mjerumani Max Schmeling, mpaka mkimbiaji Jesse Owens kwenye Olimpiki ya Berlin 1936. Halafu anasimama mama mmoja wa waumini, kavaa vizuri, anasoma barua ya mwanae aliyeko jeshini. Kwa mtu mweusi wa 1944 aliyezoea kujiona kwenye sinema kama mpishi au mchekeshaji, kuona kanisa zima la watu wenye heshima zao, na kijana mweusi anapewa uofisa, ilikuwa ni kitu kikubwa mno. Mi mwenyewe nikiiangalia pale mama anaposoma barua nanyamaza.

Ila angalia kilichotolewa. Utumwa karibu haumo. Vita ya wenyewe kwa wenyewe imepitiwa juu juu. Na kubwa zaidi, hakuna anayesema kwamba jeshi lenyewe lile lilikuwa limetenganisha weusi na weupe, kambi mbali, vikosi mbali, hadi damu ya kuongezewa majeruhi ilikuwa inatengwa kwa rangi. Amri ya Rais Truman ya kumaliza utengano jeshini ilikuja Julai 1948, yani filamu ilipotoka bado miaka minne. Kila shoti humo unaweza kuitetea kwamba ni kweli, kijana kweli yupo, sare kweli kavaa, na bado ukiziunganisha unapata jeshi ambalo halikuwepo. Mtafiti Thomas Cripps aliandika sana juu ya filamu hii na juu ya weusi Hollywood kwa ujumla, na ninachokubaliana naye ni kwamba lazima uishike kwa mikono miwili, ilikuwa propaganda na papo hapo ilifungua mlango. Anayekulazimisha uchague moja hajaiangalia vizuri.

Kwa hiyo ukiambiwa bandika sauti ya babu juu ya klipu, uliza kwanza, ni nani huyo kwenye klipu? Burma kulikuwa na Waafrika wa sehemu nyingi. Divisheni mbili zilitoka Afrika Magharibi, na kwenye ile ya 11 kulikuwa na watu wa Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), Rhodesia ya Kaskazini (Zambia) na Tanganyika. Picha ya rangi nyeusi na nyeupe, watu wamevaa kofia zile pana, huwezi kujua kwa kuangalia sura. Angalia begani. Divisheni ya 11 nembo yao ilikuwa kichwa cha kifaru, ya 81 ya Afrika Magharibi ilikuwa buibui. Ukiona buibui ujue hapo unataka kuweka sauti ya babu yako kwenye mdomo wa kijana wa Nigeria au Gold Coast (Ghana ya leo), ambaye naye ana wajukuu zake wanamtafuta. Kufanya hivyo ni kurudia kosa lile lile, yani kwamba mwafrika yeyote anaweza kusimama badala ya mwafrika mwingine yeyote.

Je uziache basi? Hapana, mi ningezitumia, ila kwa masharti. Ziache bila sauti kama zilivyo, usiweke milio ya risasi wala mvua uliyodownload, mtazamaji asikie ule ukimya. Andika chini yake wazi kwamba hawa ni askari wa kikosi fulani, mahali fulani, na babu hayumo. Kisha zima picha, weka kioo cheusi au uso wa babu kama mna picha yake, ndo sauti yake iingie. Hiyo tofauti kati ya picha isiyo na sauti na sauti isiyo na picha itafanya kazi kuliko efekti yoyote. Kwa maoni yangu kaseti yenu ndo filamu, klipu ni nyongeza tu. Watu wengi wanafanya kinyume, wanapata klipu nzuri halafu mzee anakuwa mapambo.

Hata wakubwa wamejikwaa hapa. Ken Burns alipotoa The War mwaka 2007, mfululizo mrefu wa vipindi saba kuhusu Wamarekani kwenye vita hiyo hiyo, ikaonekana hakuna veterani hata mmoja wa Kilatino, na walipigana wengi sana. Maggie Rivas-Rodriguez, mwalimu wa chuo kikuu kule Texas aliyekuwa anakusanya simulizi za maveterani hao, akaongoza kelele mpaka Burns akaongeza mahojiano mengine. Lakini yaliongezwa mwishoni mwa vipindi, filamu ikiwa imeshapangwa, na ukiangalia unahisi kabisa kwamba wameletwa wageni wakati meza imeshafutwa.

Na kama kuna jambo babu analisimulia halina picha kabisa, una njia mbili za heshima, uache kioo cheusi au uigize waziwazi watu wajue ni maigizo. Ousmane Sembène wa Senegal, ambaye mwenyewe alikuwa mwanajeshi wa Ufaransa kwenye vita ile, alitengeneza Camp de Thiaroye mwaka 1988 pamoja na Thierno Faty Sow, kuhusu askari waliorudi wakadai malipo yao wakapigwa risasi na jeshi hilo hilo la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944. Walichukua waigizaji wakaisimulia kama hadithi. Kibaya ni kuchukua klipu ya mahali pengine ukajifanya ndo pale.

Tuje kwenye kilio. Hapa nitakuwa mwangalifu maana hapa umeingia baina ya baba yako na baba yake.

Kuna filamu ya John Huston inaitwa Let There Be Light, ya 1946, aliitengenezea jeshi la Marekani ndani ya hospitali ya Mason General, New York, kuhusu wanajeshi waliorudi vitani miili mizima ila akili imeumia. Mwanzoni kabisa kuna kijana mweusi anahojiwa na daktari, anajibu vizuri tu, anafika kwenye picha aliyotumiwa na mchumba wake, sauti inakatika, analia anashindwa kuendelea. Kamera haimkimbii wala haimsogelei zaidi. Na wodini humo weusi na weupe wanakaa pamoja, wakati jeshi lenyewe bado limewatenga. Mi sijui filamu nyingine ya serikali ya miaka ile iliyompa mwanajeshi mweusi ruhusa ya kuumia kama binadamu, kwa sauti yake mwenyewe.

Jeshi likaizuia. Sababu iliyotolewa ni kulinda faragha ya wagonjwa. Huston alisema walisaini karatasi za kukubali na karatasi zikapotea, na kwamba sababu ya kweli ni jeshi kutotaka watu waone askari aliyevunjika. Filamu ikafungiwa hadi mwisho wa 1980. Katikati hapo, 1948, jeshi likatengeneza nyingine, Shades of Gray, mada ile ile, safari hii kwa waigizaji, na waigizaji wote weupe. Yule kijana akafutwa.

Nimekusimulia hivyo lakini usikimbilie kumwambia baba "unaona, kukata ni ubaguzi". Hoja ya faragha jeshi liliitumia vibaya, ila hoja yenyewe ni ya kweli, na baba yako hana ajenda ya jeshi, ana baba yake. Rudi kwenye kaseti usikilize kwa makini maneno yanayozunguka kile kilio. Kuna mahali babu anamwambia baba mdogo "zima hiyo"? Au anasema "haya yaandikeni"? Wazee wengi walisema kitu, na hicho ndo karibu kabisa na karatasi ya kukubali utakayoipata. Akiwa amesema zima, mjadala umeisha, usitoe. Muulize na baba mdogo mwenyewe siku ile ilikuwaje, nani alikuwepo, mzee baada ya pale aliendeleaje.

Kama babu hakusema lolote, ningependekeza hivi: kilio unaweza kukifupisha au hata kukitoa, ila jina la rafiki yake libaki. Nimeshakueleza kwa nini, majina ndo yaliyochukuliwa kule. Babu amelibeba jina la mtu huyo nusu karne akalitamka kwenye kaseti, sasa ukilikata wewe kwa ajili ya heshima utakuwa umefanya kazi ya yule mjaza karatasi. Ila kabla hujaiweka YouTube fanya jambo moja la kiungwana, huyo rafiki naye ana ukoo mahali. Kama babu ametaja kijiji au kabila, ulizia. Inawezekana kabisa walipewa habari tu kwamba kafa na hawajawahi kuambiwa kafaje, na si vizuri wakaijulia kwenye simu ya mtoto wa jirani. Mkishindwa kuwapata, taja jina na uache ile namna alivyokufa.

Na kipande hicho usimtumie baba kwa WhatsApp aamue. Nenda nyumbani, kaeni, msikilize pamoja, baba mdogo awepo. Watoto wa maveterani wengi walikua na mzee anayepiga kelele usiku na hawakuruhusiwa kuuliza, kwa hiyo "nisimdhalilishe" yaweza kuwa na mambo mengi nyuma yake ambayo mimi huku siyaoni na wewe pia hujayasikia. Ukiona baada ya kusikiliza baba halali, hali, au amejifungia siku kadhaa, achana na filamu kwanza, mtafutie mtu wa kuongea naye ana kwa ana, hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili, au kiongozi wa dini anayejua kunyamaza na kusikiliza. Vivyo hivyo kama unapanga kuhoji maveterani walio hai, mfano wazee wa vita vya Kagera, usiende peke yako na kamera. Nenda na mtu wa familia, na mzee akianza kutetemeka au kurudia sentensi moja tu, shusha kamera. Hapo huhitaji ruhusa ya mtu.

Mwisho ni ya kiufundi. Hiyo kaseti ya 1995 usiiplay tena kwenye redio ya nyumbani, mkanda wa umri huo unaweza kuliwa mara moja ukaisha. Ukiona ukungu mweupe kwenye mkanda ndo usiguse kabisa. Ipeleke kwa fundi anayehamisha kaseti kwenda dijitali, kaa hapo hapo wakati anahamisha, dai faili kubwa lisilobanwa, nakala moja iwe kwako na nyingine kwa baba mdogo. Vunja vile vijino viwili vya juu ya kaseti kama bado vipo, mtu asije akarekodi taarabu juu yake.

Halafu tafuta kitabu chake cha kutolewa jeshini, humo huwa kuna namba na kikosi. Batalioni za Tanganyika kwenye divisheni ile zilikuwa ya 26 na ya 36, ya Kenya ilikuwa ya 11, kwa hiyo ukipata namba ya batalioni yake utajua alikuwa brigedi ipi na tarehe zipi. Ndo uwaandikie Imperial War Museums, wape namba za klipu ulizoziona, waombe zile karatasi za mpiga picha pamoja na utaratibu wao wa leseni, maana kuikuta mtandaoni hakuifanyi kuwa ya bure. Karatasi zikija nitumie tukae tuzisome wote, zile za Kalewa mwandiko wake ni mbaya balaa.